Ramani Zilizojaladia Madaftari

Nilipanda treni Ifakara nikiwa na tiketi ya Tunduma, begi la turubai na nia moja tu, kuvuka mpaka. Sikumfahamu mtu yeyote upande wa pili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani mpaka nimechoka kuulizwa ninangoja nini, na kwenye ramani ya darasani nilikuwa nimeona kwamba reli haiishii Tanzania. Hiyo ilinitosha. Treni yenyewe haikuwa na haraka kama mimi. Mlimba tulisimama tangu asubuhi hadi jua likageuka, tukingoja kichwa kingine cha treni, na akina mama wakapita chini ya madirisha na sufuria za wali na samaki wa kukaanga wakisema, "Kuleni, kichwa hakiji leo." Kilikuja. Tukaanza kupanda, tukaingia handaki moja baada ya jingine, na kila tulipoingia gizani watoto wa behewa letu walipiga mbinja, tukitoka wakanyamaza kutazama mabonde yalivyokuwa chini mno. Makambako nilivaa shati la pili juu ya la kwanza. Mbele yangu alikaa Mnyiha mmoja aliyekuwa anarudi Mlowo na magunia matupu. Alinitazama nikitetemeka, akasema, "Kijana, hiyo ni salamu tu. Baridi yenyewe bado hujakutana nayo." Akanifunika gunia moja. Nililala chini ya gunia lililonuka kahawa, na nilipoamka nje kulikuwa na kahawa yenyewe, shamba baada ya shamba, majani yaking'aa kwa umande, na yule baba alikuwa ameshashuka. Gunia aliniachia.

Tunduma ya mwishoni mwa miaka ya tisini ilikuwa mji wa malori yaliyosimama na watu wanaokimbia. Wenyeji walivuka kwenda Nakonde kununua sukari na kurudi kabla chai haijapoa. Mimi niliyetoka mbali niliulizwa hati ya kusafiria. Nilimwonyesha ofisa wa mpakani cheti changu cha kidato cha nne. Alikisoma chote bila kucheka, akanirudishia. "Jiografia umefanya vizuri," alisema. "Lakini hii haivuki." Hati ilibidi niiombe Mbeya, na Mbeya walisema ningoje. Basi nikakaa kwenye kibanda cha chakula cha Mama Bupe, Mbemba aliyeolewa upande wetu, nikala ugali na kapenta, dagaa wa upande wa pili, uso ukiwa umenishuka. "Mulishani, mwana," alinisalimu kwa Kibemba, kisha akahamia Kiswahili. "Usilie kwenye kapenta zangu, chumvi imeshatosha." Chini ya plastiki ya meza yake kulikuwa na karatasi kubwa nyeupe yenye mistari michache ya kahawia, na madereva wawili walikuwa wanaisogezea vidole na kubishana. Mimi sikuijali. Nilikuwa naangalia ng'ambo. Mama Bupe alikuwa anaangalia begi langu, ambalo nilikuwa nimeliandika jina. "Huu mwandiko wako ni wa mkono au wa mashine?" aliuliza. Nikamwambia ni wa mkono. "Vwawa kuna mwalimu anatafuta mtu wa kumwandikia kadi za maktaba. Wa kwanza alikimbia." Nikauliza alikimbia nini. "Alimkimbia mwalimu," alisema, akaondoa sahani.

Mwezi uliopita tulimzika mwalimu huyo, Mwalimu Nambeye, kwao Mpemba, karibu na Tunduma. Nilipata habari nikiwa Mtwara, nikapanda basi siku ileile, na safari hii hakuna aliyenifunika gunia. Sasa nina miaka arobaini na kitu na nimeishi miji mingi kuliko ninayoweza kuitaja kwa mfululizo: Lusaka, Kitwe, Lubumbashi, Mwanza, na mingine ya kulala tu. Watu huniuliza kwa nini situlii, nami huwajibu kwamba niliwahi kutulia mwaka mzima, Vwawa, nikaona nimetosheka. Vwawa yenyewe siku hizi ni makao makuu ya mkoa, ina maofisi yenye vioo vya bluu, lakini chumba chetu kipo. Baada ya mazishi nilikwenda kukitazama. Anayekitunza ni Kabula, binti wa Msukuma mmoja anayeitwa Masanja ambaye nitakuja kumtaja. Nilipotaja jina langu alivuta droo ya kadi, akachomoa moja bila kutafuta. "Kumbe ndiye wewe Damasi wa kadi," alisema. "Bado unayo?" Nikamwambia bado ninayo. Akauliza kama sasa tuandike mahali ilipo, nikamwomba aiache hivyohivyo. Kadi hiyo niliiandika mwenyewe siku niliyoondoka, na ili uielewe inabidi nianzie siku niliyofika.

Kilikuwa chumba cha mwisho katika jengo refu la kituo cha elimu cha kanisa, nyuma ya soko. Dirisha lilitazama barabara kuu ya kwenda Zambia, na lori zito likipita vioo vilitetemeka na atlasi zikasogea kidogo kwenye rafu, hivyo kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kuzirudisha nyuma. Ukutani kulikuwa na kabati la chuma lenye droo pana, fupi kwenda chini, lililoachwa na wapima ardhi wa zamani pamoja na karatasi zao za ramani za nyanda zote za kusini. Kulikuwa na jiko la mkaa nje ya mlango, birika, na vikombe viwili vya bati. Mwalimu Nambeye alikuwa mama wa Kinamwanga, mfupi, mpana, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyefundisha jiografia shule ya kituo mpaka alipopewa maktaba. Alinipa kalamu na karatasi, akanisomea majina ya mito niandike: Momba, Songwe, Nkana. Alitazama herufi, hakusifu. "Unaandika haraka?" aliuliza. "Ndiyo, Mwalimu," nilijibu kwa kujivuna. "Hilo ndilo tatizo lako," alisema, akaniambia nikae.

Sikumwelewa mpaka aliponieleza, siku hiyohiyo, tukinywa kahawa isiyo na sukari. Biashara ya kahawa ilikuwa imefunguliwa, wanunuzi binafsi walikuwa wanapita vijijini, na kila penye paa Mbozi yote palitakiwa pawe stoo. Kamati ya kituo ilikuwa imeshaamua kwamba chumba cha ramani nacho kiwe stoo. Ramani na atlasi zingepelekwa kwenye maktaba kubwa Mbeya, ambayo ilikubali kuzipokea kwa sharti moja: zije zote, na katalogi kamili, yaani kadi ya kila moja. Ndiyo maana nimeajiriwa. "Kadi ya mwisho ukiiandika," alisema, "zinaondoka. Watu wa hapa wakitaka kuona kwao, wapande basi." Alisema hivyo kama anayesoma hali ya hewa. Nilimhurumia, lakini nakiri kwamba moyoni nilihesabu upande wangu. Kazi ikiisha mapema, hati ikitoka, ninavuka.

Basi tukaanza, na kasi yangu ikafa. Mwalimu alikuwa na namna yake. Karatasi ya ramani hushikwa kwa mikono miwili kama sinia lenye vikombe. Haiandikwi kadi mpaka umesoma ufunguo wote, skeli, mwaka wa kupimwa na mwaka wa kuchapwa, kwa sababu katikati ya miaka hiyo miwili, alisema, kijiji kinaweza kuhama. Halafu unaandika hali yake: imetoboka wapi, imelowa wapi, nani kaichora kwa penseli. Mwisho unaandika mahali, yaani droo. Sheria yake kubwa ilikuwa fupi. "Usiandike ambacho hukukiona, na ulichokiona usiache kukiandika." Kwenye atlasi tulibishana zaidi. Kulikuwa na atlasi za kila zama, nyingine zikiziita nchi jirani zetu kwa majina ambayo Mama Bupe aliyasikia akiwa mtoto, na mimi nilishauri hizo tuzitupe kwa kuwa zimekosea. Aliniangalia juu ya miwani. "Mimi niliolewa nikabaki Nambeye. Mwenzangu aliolewa akawa Bi Fulani. Nani kakosea? Andika kama ilivyoandikwa, halafu chini yake andika sasa inaitwaje." Nikaandika. Miezi ile ilininyoosha. Kabla yake nilikuwa mtu wa kupita kwenye jambo. Chumba kile kilinifundisha kukaa na karatasi moja mpaka iseme ilichonacho, na popote nilipofanya kazi baadaye, ghalani, bandarini, gereji, watu walinisifia jambo ambalo kwa kweli ni la Mwalimu Nambeye.

Mchana tulikula ugali na maharage, au majani ya maboga, mlango ukiwa wazi. Ni wakati wa chakula Masanja alipokuja mara ya kwanza. Alisimama mlangoni, mrefu, fimbo begani, vumbi la bondeni mpaka magotini. "Mwalimu, shikamoo. Nasikia hapa mnaweka nchi kwenye karatasi." Mwalimu alimwambia anawe mikono ale kwanza. Alipomaliza akasema anatoka bonde la Momba, mbele ya Kamsamba, wamehamia na ng'ombe miaka kadhaa, na anataka kupaona kwao. Nilikwenda kwenye droo kwa kujiamini. Karatasi zilikuwa zimepangwa kwa namba, na pale ilipotakiwa kuwa ya kwao palikuwa na nafasi. Nikavuta droo iliyofuata, nafasi nyingine. Za Ileje zilikuwapo zote, za Mbozi zote, vilima vyote vimejaa mistari ya kahawia kama vidole vya wazee. Zilizokosekana zilikuwa za bondeni tu.

"Hizo nilizigawa mimi," Mwalimu alisema nyuma yangu.

Alieleza bila kujitetea. Miaka ya themanini, wakati wa shida ya karatasi, mkaguzi akipita mtoto ambaye daftari lake halijajaladiwa alirudishwa nyumbani. Magazeti hayakufika. Kalenda zilikuwa kwa wakubwa. Shule ya kituo ilikuwa na watoto waliotoka mbali, hadi milima ya Ileje, na mtoto wa Ileje ukimrudisha nyumbani hukumwona tena muhula ule. Mwalimu alifungua droo akachagua. "Za milimani zina mistari mingi, mtoto angeandika jina lake wapi? Za bondeni zilikuwa nyeupe. Karatasi nzuri, nzito. Nikaona huko hakuna watu."

Masanja alifikiri kidogo. "Sasa tupo," alisema.

"Sasa mpo," Mwalimu alikubali, akamwongezea maharage.

Mimi ndiye niliyejitolea kuzitafuta. Nilikuwa nimeshapenda seti ile, na seti yenye mapengo iliniwasha kama jino. Mwalimu alikumbuka kila mtoto aliyempa, kwa sura na kwa dawati. Nyingi alijua zilikwisha, moja ilipeperushwa na upepo ikaangukia mto Songwe mbele ya macho ya darasa zima, nyingine aliishuhudia mwenyewe ikiwasha moto. Hizo tuliziandika zimepotea, kwa sababu zilipotea. Mbili hakuwa na hakika nazo. Ya kwanza aliyoitaja ilinifanya niinue kichwa: mtoto wa kambo wa mama mmoja wa Kibemba, Tunduma. Nikashuka Tunduma, nikaweka sahani yangu pembeni, nikafuta plastiki kwa kiganja. Ilikuwapo. Namba yake ilikuwa kwenye kona, mchuzi ulikuwa umeingia pembeni, na ilikuwa na alama za kukunjwa pale daftari lilipokuwa. "Hiyo?" Mama Bupe alisema. "Thubutu. Madereva wangu watabishana juu ya nini? Mwambie Mwalimu ipo, haina njaa, kila siku inapata mchuzi kuliko wewe." Nilirudi mikono mitupu nikiwa na hasira kidogo. Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamtoka. Kisha akachukua kadi, akaniamuru niandike mahali: Tunduma, kwa Mama Bupe, chini ya plastiki ya meza.

Ya pili ilikuwa Ikinga, milimani Ileje, kwa bibi aitwaye Atupele. Nilipanda gari la mizigo hadi Itumba, kutoka hapo nikatembea, mvua ikinipiga mbavuni, njia ikipanda na kushuka mpaka nikaelewa kwa miguu kile ambacho ile mistari ya kahawia ilikuwa inasema. Nyumba ya Bibi Atupele ilikuwa ubavuni mwa mlima, ina moshi, ina ndizi nyuma na viazi mbele. Aliniketisha karibu na moto, akanipa magimbi na maziwa ya mgando, akauliza habari za Mwalimu, za mvua, za barabara, na kila nilipokaribia jambo langu alinipa gimbi jingine. Mwishowe alileta mwenyewe kitabu cha nyimbo za kanisani. Kilikuwa kimejaladiwa kwa bonde la Momba. Karatasi ilikuwa laini kama kitambaa kwa kushikwa, pembe zimeshonwa kwa uzi mweusi. Mbele, katikati ya weupe ambako wapima ardhi hawakuona kitu cha kuchora, kulikuwa na jina kwa mwandiko wa mtoto: Asegelile, darasa la tano.

"Ni mwanangu," alisema. "Alipofariki, daftari liliisha kwa kuwashia taa. Ganda nikalitia hapa." Aliniwekea kitabu magotini. "Mwalimu alimsaidia mtoto wangu, siwezi kumnyima kitu. Ramani yake ichukue. Jina la mwanangu niachie."

Nilikigeuza kitabu kile. Sijui nilikuwa natafuta nini. Yeye alinisubiri bila kinyongo, kama anayengoja fundi aseme kama saa inatengenezeka. Nilisoma ufunguo wote. Nilinakili namba, skeli, miaka yote miwili, hali ya karatasi. Nikamrudishia kwa mikono miwili. "Itakaa hapa, Bibi," nilisema. "Umeshiba?" aliuliza, akanifungia viazi vya njiani.

Nilipofika Vwawa Mwalimu alikuwa anapanga atlasi zilizosogezwa na malori. "Nilijua kama ipo hatakupa," alisema kabla sijavua viatu.

"Sasa ulinituma kwa nini?"

"Uione. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Basi iandike."

Nikaandika kadi ya Ikinga polepole kuliko kadi zote za mwaka ule. Imekunjwa, imejaladia kitabu cha nyimbo, ina jina la mwanafunzi katikati. Mahali: Ikinga, kwa Bibi Atupele. Masanja alipokuja tena kuuza ng'ombe mnada wa karibu, alisomewa kadi hiyo, akauliza njia, akaenda. Mfugaji wa bondeni, asiyependa mlima wala mvua, alipanda Ileje kwenda kutazama kitabu cha nyimbo. Alirudi na debe la maharage ya Bibi kwa ajili ya Mwalimu, akaketi mlangoni akachekea fimbo yake. "Nimeona kwetu," alisema. "Kweupe kabisa. Nikamwomba Bibi penseli. Akasema kula kwanza. Nikala. Ndipo akanipa, nikaweka nukta pale boma langu lilipo, karibu na mto. Sasa pale tuko wawili, mtoto wake na mimi." Mwalimu alinisogezea kadi, na chini ya hali ya karatasi nikaongeza: kwa maneno ya Masanja, ina nukta moja ya penseli aliyoiweka mwenyewe.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Nzunda, mnunuzi wa kahawa, mtu mcheshi mwenye koti la ngozi na kicheko kilichotangulia mwili wake. Hakuwa mtu mbaya na sitaki aonekane hivyo. Alijenga madarasa mawili ya kituo kwa mfuko wake. Alikuja siku Mwalimu amekwenda sokoni, akapitia kadi zangu moja baada ya nyingine akiguna kwa kuridhika, mpaka akafika kwa Mama Bupe, na baadaye kwa Bibi Atupele. Akasimama.

"Kijana wa treni, hii nini?"

Nikamweleza.

"Sikiliza," alisema, akavuta kiti. "Mbeya nimezungumza nao. Zilizopotea si shida, kamati inapiga muhuri, zinafutwa, mambo yanaisha. Shida ni zilizopo. Kilichopo ni mali ya kituo, lazima kifike. Wewe umeniandikia zipo." Akagonga kadi kwa kidole. "Andika zimepotea. Neno moja tu. Msimu unaanza, kahawa italala wapi?" Akainama karibu. "Nasikia unataka kwenda Lusaka. Nina lori linakwenda wiki ijayo, dereva ni mpwa wangu. Hati yako Mbeya nayo nitaiulizia, nina mtu pale."

Sitasema sikutamani. Dirishani malori yalikuwa yanapita kuelekea huko huko, na mimi nilikuwa nimeyatazama mwaka mzima. Neno alilolitaka lilikuwa dogo, na mwandiko wangu ungelifanya lipendeze. Lakini nilishakaa na kitabu kile magotini, nilishasoma jina lile, na Masanja alishapanda mlima kwa sababu ya maneno manne niliyoyaandika kwenye mstari wa mahali. Nikifuta, njia yake ingefutika pia.

"Mzee, niliiona kwa macho," nilisema.

"Kamati imeajiri mkono wako," alisema Mzee Nzunda. "Haikuajiri macho."

"Vinakuja pamoja, Mzee."

Nikadhani atafoka. Akacheka. "Huyu mama amekuharibu," alisema, akaondoka na ahadi yake ya lori la Lusaka.

Kamati ilikaa chumbani humo, wajumbe wakiwa wameketi kwenye viti vya darasani, kadi zimewekwa mezani. Mimi nilisimama karibu na jiko nikiwahudumia kahawa kwa vikombe vya kuazima. Mzee Nzunda alieleza jambo lote vizuri, bila kutusema, akamalizia kwamba karatasi mbili zilizobaki zikachukuliwe, kituo kina haki. Mwalimu Nambeye alisimama. "Ni kweli kabisa," alisema. "Nilizitoa mimi, na kituo kina haki. Naomba tu kamati iseme ni nani atakwenda Ikinga kumvua yule mama kitabu chake cha nyimbo. Mwenyekiti ana gari." Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mzee Nzunda aligeuza kikombe chake mezani.

"Mwalimu unanijua," alisema hatimaye. "Mke wangu ametoka Ikinga. Mnataka nipite ukweni nikifanya kazi hiyo? Mama mkwe atafunga mlango mpaka nizeeke."

"Basi atumwe mjumbe mwingine," Mwalimu alisema kwa upole, akawatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa wameona jambo la kuangalia kwenye vikombe. Iliamuliwa kwamba ramani zisiende Mbeya hadi seti itakapokamilika, na kwamba kahawa ya msimu ule ilale kwenye ukumbi. Mzee Nzunda aliandikisha uamuzi huo mwenyewe, na wakati wa kutoka alinipiga begani akasema, "Vinakuja pamoja," kama mtu anayeonja neno jipya.

Nilibaki hadi kadi zote zikaisha. Hati yangu ilitoka Mbeya kwa njia yake ya kawaida, bila mtu wa Mzee Nzunda, na mvua zilipokatika nilimwambia Mwalimu kwamba naondoka. Hakuniuliza kwa nini. Aliniangalia tu nikifunga begi la turubai, kisha akaenda kwenye rafu akarudi na atlasi ndogo ya shule, ile yenye nchi zote za kusini mpaka Rasi, ncha ya bara. Nilinyoosha mkono. Akaiweka nyuma ya mgongo. "Kaa kwanza," alisema. "Kadi."

Nikakaa. Nikasoma ufunguo, nikaandika jina, skeli, mwaka, jalada limechanika kona ya chini. Nikafika mstari wa mahali.

"Andika: kwa Damasi."

"Damasi wa wapi, Mwalimu? Hapa panatakiwa mahali."

"Andika kwa Damasi. Siku ukirudi umetulia tutaongeza pa wapi."

"Na nisiporudi?"

"Seti haitakamilika," alisema. "Tutafanyaje." Akaingiza kadi kwenye droo kwa kidole kimoja, akaisukuma droo, na sauti ya chuma ile ninaisikia hadi leo ninapofunga mlango wowote nisiotarajia kuufungua tena.

Hakunisindikiza, alikuwa na birika motoni. Tunduma nilikula kwa Mama Bupe mara ya mwisho, sahani nimeiweka pembeni kabisa mwa meza ili isifunike kitu, na dereva mmoja akanionyesha kwa kidole kilichopakaa ugali mahali ambapo barabara huwa inakatika wakati wa mvua. Halafu nikavuka barabara kwenda mpakani. Ofisa alikuwa yuleyule. Aligonga muhuri kwenye hati yangu, kisha akaona atlasi juu ya begi, akaifungua, akaigeuza kurasa mbili tatu, akakuta muhuri wa maktaba.

"Na hii," aliuliza, "inavuka?"

"Inavuka," nilimwambia. "Ina kadi."